Kozi ya kompyuta mwaka wa kwanza: nafuata hatua vizuri, nikipewa faili jipya nakwama

MwakaWaKwanza

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaofundisha au wanaotumia Word, Excel, PowerPoint na Access (programu ya hifadhidata) kila siku.

Kozi yetu ya utangulizi wa kompyuta ina mazoezi yenye picha: bofya hapa, chagua hiki, hifadhi. Ukifuata, kazi inatoka kama ilivyo kitabuni. Kwenye mtihani wa vitendo mambo ni tofauti. Unapewa faili na maelezo ya matokeo yanayotakiwa, hatua hazipo. Yananikwamisha haya:

Word: kurasa za mwanzo za ripoti ziwe na nambari i, ii, iii, halafu Sura ya Kwanza ianze na 1. Nikibadilisha upande mmoja, upande wa pili nao unabadilika.

Excel: alama za wanafunzi ziko C2 hadi C41, na alama ya juu ya mtihani iko F1. Kwenye D2 nimeandika =C2/F1 na jibu ni sahihi. Nikiburuta chini, seli zinazofuata zote zinaandika #DIV/0!.

VLOOKUP, fomula ya kutafuta taarifa kwenye jedwali jingine, nayo inaleta #N/A, ilhali namba ya mwanafunzi naiona kwa macho yangu kwenye majedwali yote mawili.

Na la mwisho: nifanye mazoezi ya aina gani ili nielewe badala ya kukariri vitufe? Muda wa maabara ni mfupi.

---

MpangaRipoti

Karibu mkuu. Nachukua Word, wengine watamalizia.

Word huhifadhi mipangilio katika ngazi tatu: herufi, aya na sehemu ya waraka. Unene wa herufi na rangi ni vya herufi. Nafasi kati ya mistari, kujongeza, na kupanga kushoto au katikati ni vya aya. Ukubwa wa karatasi, pambizo, ukurasa kuwa wima au mlalo, na namna ya nambari za kurasa ni vya sehemu. Ukishajua jambo liko ngazi ipi, unajua pa kulitafuta hata vitufe vikihamishwa kwenye toleo jipya. Tatizo lako la nambari ni la sehemu: waraka wako wote ni sehemu moja, kwa hiyo hauwezi kubeba namna mbili za kuhesabu.

Kwanza kabisa bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane. Kila ¶ ni mwisho wa aya, na mipangilio ya aya nzima imebebwa na alama hiyo. Ndiyo maana ukifuta ¶ aya mbili zinaungana na moja inapoteza sura yake. Fanya mazoezi yote ya Word alama hizo zikiwa zimewashwa, hata kama mwanzoni zinasumbua macho.

Sasa nambari:

1. Weka kishale kabla kabisa ya kichwa cha Sura ya Kwanza. Nenda Layout, Breaks, na chini ya Section Breaks chagua Next Page. Ukichagua Page Break iliyo juu ya orodha utapata ukurasa mpya tu, sehemu itabaki ileile moja. Hapa ndipo wengi wanapopotelea, kwa sababu kwa macho matokeo yanafanana.
2. Bofya mara mbili chini ya ukurasa wa Sura ya Kwanza. Kwenye kichupo cha Header & Footer zima Link to Previous. Izime kabla ya kubadilisha chochote. Ikiwa bado imewashwa, unachokifanya huku kinaandikwa na kule. Kumbuka kichwa cha ukurasa kina kiungo chake na kijachini kina chake, hivyo kama una maandishi juu pia, zima vyote viwili.
3. Page Number, Format Page Numbers, chagua 1, 2, 3, kisha Start at iwe 1.
4. Rudi sehemu ya mwanzo, fungua dirisha hilohilo, chagua i, ii, iii. Kama jalada halitakiwi kuonyesha nambari, weka tiki kwenye Different First Page katika sehemu hiyo ya kwanza. Jalada bado linahesabiwa kuwa i, hivyo ukurasa unaofuata utaandika ii.

Tahadhari moja inayogharimu watu ripoti nzima: mkato wa sehemu ndio unaobeba mipangilio ya sehemu iliyo *juu* yake. Ukiufuta, kurasa za juu zinavaa mipangilio ya kurasa za chini. Kama ulikuwa na jedwali kwenye ukurasa wa mlalo ukafuta mkato uliofuata, usishangae mlalo ukipotea. Bonyeza Ctrl+Z papo hapo.

Jambo la pili la kulielewa ni staili, yaani mpangilio uliopewa jina. Kichwa cha sura ukikiandika kwa herufi nene za ukubwa wa 16, mwenye kusoma anaona kichwa, lakini Word inaona aya ya kawaida iliyonenepeshwa. Orodha ya yaliyomo haitakipata, Navigation Pane (orodha ya vichwa pembeni) haitakionyesha. Weka kishale kwenye kichwa na ubonyeze Ctrl+Alt+1 kwa Heading 1, Ctrl+Alt+2 kwa Heading 2. Sura ya Heading 1 isipokupendeza, bofya kulia jina la staili pale Home, chagua Modify, badilisha mara moja, na vichwa vyote vitafuata. Baada ya hapo References, Table of Contents. Ukihariri ripoti, bofya ndani ya yaliyomo, bonyeza F9, chagua Update entire table. Ukiona aya nzima ndefu imeingia kwenye yaliyomo, hakuna hitilafu ya programu: aya hiyo imevaa staili ya Heading.

Zoezi lenye faida kubwa kuliko yote kwa Word: chukua maandishi yoyote ya kurasa kama kumi. Bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+Shift+N, Ctrl+Space na Ctrl+Q. Hapo aya zote zinarudi Normal na mapambo ya mkono yanaondoka. Sasa ijenge ripoti upya: vichwa vya ngazi mbili, jalada, yaliyomo, nambari za namna mbili, jedwali moja lenye maelezo kwa References, Insert Caption, na ukurasa mmoja wa mlalo katikati. Jipe sharti la kutogusa kitufe cha nafasi kupanga chochote, na la kutobonyeza Enter mara mbili kutenganisha aya. Nafasi kati ya aya inawekwa kwenye Paragraph, Spacing After. Orodha ya marejeo ambayo mstari wa pili unaingia ndani ni Ctrl+T. Ukipanga kwa nafasi, herufi za fonti nyingi hazina upana sawa, kwa hiyo mistari haitalingana hata ukihesabu nafasi kwa uangalifu.

---

SeliNaSafu

Excel ni yangu. Mkuu, #DIV/0! yako ina sababu moja na ni nzuri sana kwa kujifunza.

Excel inaposoma =C2/F1 ikiwa ndani ya D2, inachokariri ni mahali: chukua seli iliyo kushoto kwangu, gawanya kwa seli iliyo safu mbili kulia na mstari mmoja juu. Ukiiburuta hadi D3, kushoto ni C3, na safu mbili kulia mstari mmoja juu ni F2. F2 ni tupu, tupu kwenye hesabu ni sifuri, kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Kama ungekuwa unazidisha, usingepata hata onyo: ungepata 0 chini kote.

Dawa ni =C2/$F$1. Alama ya dola inasema usisogee. Ukiwa unaandika fomula na kishale kimegusa F1, bonyeza F4: mara ya kwanza inakuwa $F$1, ya pili F$1 yaani mstari umefungwa, ya tatu $F1 yaani safu imefungwa, ya nne inarudi F1. Kwenye kompyuta ndogo nyingi ni Fn+F4, na kwenye Mac Cmd+T inafanya kazi hiyo.

Zoezi la kulimaliza jambo hili: jedwali la kuzidisha. B1 hadi M1 andika 1 hadi 12, A2 hadi A13 andika 1 hadi 12. Kwenye B2 andika fomula moja tu, iburute kulia hadi M kisha chini hadi 13, na M13 lazima iseme 144. Jibu ni =$A2*B$1, lakini jaribu kulipata bila kuliangalia tena. Jiulize kila sehemu: nikienda kulia nini kibaki? Nikishuka nini kibaki? Ukiweza kueleza kwa nini dola iko mbele ya A upande mmoja na mbele ya 1 upande mwingine, umeshapita mlima mkubwa zaidi wa kozi nzima. Ctrl na kitufe cha ` kilicho juu ya Tab hubadilisha shiti ionyeshe fomula badala ya majibu, na ukibonyeza tena inarudi. Kitumie kukagua kabla ya kukabidhi.

VLOOKUP sasa. Fomula kamili iwe kama =VLOOKUP(A2,$H$2:$K$61,3,FALSE). Kwa mipangilio ya baadhi ya lugha kompyuta inadai nukta mkato badala ya koma. Ukiona fomula inakataliwa bila sababu, jaribu hiyo. #N/A maana yake "sikukipata", na inatokana na mambo haya zaidi:

Eneo halikufungwa kwa dola. Unapoburuta chini, H2:K61 inakuwa H3:K62, H4:K63, na watu wa juu wanatoka nje ya eneo mmoja baada ya mwingine. Dalili: mistari ya kwanza inafanya kazi, ya chini inakataa.

Upande mmoja ni namba, upande mwingine ni maandishi yanayofanana na namba. Kwa macho 2045 ni 2045. Kwa Excel ni vitu viwili tofauti. Ondoa mpangilio wa katikati uone: namba hujipanga kulia, maandishi kushoto. Mara nyingi kuna pembetatu ya kijani kwenye kona pia. Kubadilisha safu nzima ya maandishi kuwa namba: ichague, Data, Text to Columns, kisha Finish moja kwa moja.

Kuna nafasi isiyoonekana mwishoni. Andika =LEN(A2). Namba ina tarakimu 8 na LEN inasema 9? Umempata mwizi. TRIM huondoa nafasi za kawaida. Data iliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti huwa na nafasi ya aina nyingine, yenye msimbo 160, na TRIM haiigusi. Tumia =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")).

Safu unayotafutia si ya kwanza katika eneo. VLOOKUP hutafuta safu ya kushoto kabisa ya eneo ulilotaja, kisha inasoma kuelekea kulia. Haiwezi kurudi kushoto. XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, inaweza, lakini ipo kwenye Microsoft 365 na kuanzia Excel 2021, na maabara zenye toleo la zamani hazina. Ukiiandika kule utaona #NAME?.

Niseme kitu kuhusu FALSE, kwa sababu kosa hili ni baya kuliko #N/A. Ukiiacha, Excel inachukulia TRUE, yaani tafuta kilicho karibu kutoka chini. Jedwali lisipopangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, utapata jibu *lisilo sahihi* bila onyo lolote, alama za mtu mwingine kabisa. #N/A angalau inakwambia kuna shida.

TRUE ina kazi yake halali: madaraja. Panga jedwali 0 F, 40 D, 50 C, 60 B, 70 A, kupanda. Alama 63 itapata B kwa sababu 60 ndiyo kubwa isiyoizidi 63. Na hapa kuna mtego ambao watunga mitihani wanaupenda: mwanafunzi ana 69.6, umeiwekea seli isionyeshe desimali, inaonekana 70, na daraja linasema B. Excel haijakosea. Kuficha desimali kunabadilisha sura tu, thamani ndani bado ni 69.6. Kama kanuni ya chuo ni kukaribisha, yaani 69.6 ihesabiwe 70, lazima ukaribishe kwa kweli: =ROUND(wastani,0) ndipo uitafutie daraja.

Mengine kwa ufupi. AVERAGE huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri: 60, 80 na tupu ni 70, wakati 60, 80 na 0 ni 46.67. Amua kwanza mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani anahesabiwaje. COUNT huhesabu namba tu, COUNTA huhesabu seli yoyote isiyo tupu. ##### kwa kawaida si kosa la hesabu, safu ni nyembamba, bofya mara mbili mpaka wa safu. #REF! maana yake umefuta seli ambayo fomula ilikuwa inaitegemea. Namba za simu na za usajili zinazoanza na sifuri, weka seli kuwa Text *kabla* ya kuandika, maana sifuri ikishapotea hairudi kwa kubadilisha fomati. Namba ndefu kuliko tarakimu 15 zinageuzwa mwisho kuwa sifuri, nazo ziwe Text.

Tarehe ni namba. Januari 1, 2024 ni 45292, siku zilizohesabiwa kuanzia Januari 1, 1900 ikiwa ya 1. Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata siku. Ukiona 45292 mahali pa tarehe, badilisha fomati tu. Kwa wapenda historia: Excel inaamini Februari 29, 1900 ilikuwepo, ingawa mwaka ule haukuwa mrefu. Ilirithiwa kwa makusudi ili mafaili ya Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya aina ya Excel, yalingane.

---

MaabaraNambari2

Nakubaliana na wote wawili. Naongeza PowerPoint na mambo ya faili, kwa sababu alama nyingi za mitihani ya vitendo zinapotelea kwenye faili na wala si kwenye ujuzi.

PowerPoint ina wazo moja kubwa: Slide Master, iliyo kwenye View. Slaidi ya juu kabisa kule ndiyo mama, zilizo chini yake ni miundo. Nembo, rangi, fonti na nambari ya slaidi viwekwe pale mara moja. Ukibandika nembo kwenye slaidi 20 kwa mkono, itakaa mahali ishirini tofauti kidogo, na wakati wa kuonyesha itaonekana inaruka.

Maandishi yaandikwe kwenye visanduku vilivyokuja na muundo, usiongeze Text Box isipobidi. Kipimo rahisi: fungua View, Outline View. Maandishi yasiyoonekana pale yamo kwenye Text Box, na hayatafuata ukibadilisha muundo. Slaidi iliyovurugika irudishe kwa Home, Reset. Picha ivute kwa kona, usiivute kwa upande, la sivyo inatanuka. Faili likiwa zito, bofya picha, Picture Format, Compress Pictures, ondoa tiki ya kuifanyia picha moja tu. F5 huanza onyesho tangu mwanzo, Shift+F5 huanzia slaidi uliyopo, herufi B hufanya skrini nyeusi unapotaka wasikilizaji wakutazame wewe.

Kuhusu faili, soma hili polepole.

Mazoezi mengi huja kwenye zip, yaani faili moja lililobeba mengine yakiwa yamebanwa. Usifungue faili ukiwa bado ndani ya zip. Windows hufungua nakala ya muda, unafanya kazi yote, unahifadhi, na kwenye zip hakuna kilichobadilika. Bofya kulia, Extract All, kisha fanya kazi kwenye folda iliyotolewa.

AutoSave hufanya kazi kwa faili lililoko OneDrive au SharePoint. Lililo kwenye diski yako au flashi, kuhifadhi ni juu yako. Ctrl+S iwe kama kupumua. Na flashi usiichomoe programu ikiwa bado imefungua faili lake. Nakili faili kwenye kompyuta, fanya kazi, funga, rudisha nakala.

Usihifadhi kazi ya Excel kama csv. Csv hubeba shiti moja tu, bila fomula, bila rangi, bila chati. Excel inaonya lakini watu wanabofya OK.

Washa viambishi vya majina ya faili: kwenye File Explorer, View, Show, File name extensions. Bila hivyo unaweza kukabidhi ripoti.docx.docx, au njia ya mkato ya faili badala ya faili lenyewe.

Kama kazi inasahihishwa na mfumo, jua kwamba mfumo unasoma ndani ya faili, hautazami picha ya ukurasa. Ukiandika 144 mahali palipotakiwa fomula, jibu ni sahihi na alama ni sifuri. Ukibadilisha jina la shiti ulilopewa, mfumo haukipati unachokitafuta. "Tumia staili ya Heading 1" na herufi nene ni vitu viwili. Kuelewa kwa nini, fanya hivi: nakili faili lolote la docx, badilisha mwisho wa jina la nakala kuwa zip, lifungue. Utaona folda iitwayo word, ndani yake document.xml na folda ya media yenye picha zako. Huo ndio waraka halisi, na staili zako zimeandikwa humo kwa majina.

---

KibodiKwanza

Natofautiana kidogo na wazo la kwamba vitufe si muhimu. Kwenye mtihani wenye saa, mkono unaokwenda kwenye kipanya kila mara unachelewa. Vichache vinatosha: Ctrl na mishale kuruka hadi mwisho wa data, Ctrl+Shift na mishale kuchagua hadi hapo, Ctrl+T ndani ya Excel kugeuza data kuwa Table, F2 kuhariri seli, Alt+= kuweka SUM. Na ukibonyeza Alt peke yake, herufi zinatokea juu ya vichupo vyote. Huhitaji kukariri, unasoma.

Table ya Ctrl+T ni ya kuizoea mapema. Fomula moja hujaza safu nzima yenyewe, mstari mpya unaingia kwenye hesabu bila kuburuta, na kupanga hakutenganishi mistari. Kwenye data ya kawaida, mtu akichagua safu ya majina pekee akaipanga, majina yanahama na alama zinabaki. Excel huuliza Expand the selection, na jibu ni ndiyo. Afadhali usichague safu: bofya seli moja tu ndani ya data, kisha panga. Na usiunganishe seli ndani ya data. Merge & Center huzuia kupanga. Kichwa kikae katikati kwa Format Cells, Alignment, Center Across Selection, sura ni ileile na seli zinabaki huru.

Kwa asiye na Office nyumbani: LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa mazoezi ya fomula zilizotajwa hapa. Kwenye Writer, hata hivyo, nambari za kurasa za namna mbili zinategemea staili za ukurasa: unaweka Manual Break, unachagua staili ya ukurasa unaofuata, unataja nambari ya kuanzia. Kwa hiyo hatua za MpangaRipoti zifanyie kwenye Word, na kazi ya kukabidhi ikague kwenye programu itakayosahihishia.

---

MwakaWaKwanza

Asanteni sana wakuu. Jedwali la kuzidisha limetoka 144 kwa fomula moja. LEN imeonyesha 9 kwenye baadhi ya namba, na SUBSTITUTE imezitengeneza zote.

Swali la mwisho ni Access. Tumepewa wanafunzi 40 na kozi 6, tunaambiwa tutengeneze majedwali matatu. Kwa nini isiwe moja tu kama Excel? Na swali langu (query) la kuuliza nani kajiandikisha kozi gani linaleta mistari 240, wakati waliojiandikisha hawafiki idadi hiyo.

---

SeliNaSafu

40 mara 6 ni 240. Hiyo ndiyo sababu, na inajibu maswali yote mawili.

Umeweka jedwali la Wanafunzi na la Kozi kwenye swali bila mstari wa kuyaunganisha. Access isipoambiwa nani anahusiana na nani, inamwoanisha kila mwanafunzi na kila kozi. Kiungo kinachokosekana ni jedwali la tatu, Usajili. Mwanafunzi mmoja ana kozi nyingi, kozi moja ina wanafunzi wengi, na uhusiano wa namna hiyo hauandikiki moja kwa moja kati ya majedwali mawili. Ukitumia jedwali moja, jina la mwanafunzi litaandikwa hadi mara sita, likikosewa mara moja una watu wawili, na kozi isiyo na mwanafunzi haina pa kukaa.

Jenga hivi. Wanafunzi: NambaUsajili iwe ufunguo mkuu (safu isiyojirudia inayotambulisha kila rekodi), aina Short Text, kwa sababu huifanyii hesabu na sifuri za mbele zisipotee. Kozi: MsimboKozi ufunguo mkuu, Short Text. Usajili: NambaUsajili na MsimboKozi, zote mbili kwa pamoja ziwe ufunguo mkuu: zichague mistari yote miwili kwa Ctrl kisha bofya Primary Key. Hivyo mtu hawezi kusajiliwa kozi moja mara mbili.

Funga majedwali yote, fungua Database Tools, Relationships, buruta NambaUsajili kutoka Wanafunzi hadi Usajili, weka tiki kwenye Enforce Referential Integrity. Fanya vivyo hivyo kwa MsimboKozi. Access ikikataa, kwa kawaida ni moja ya haya: aina za safu mbili hazilingani, kwa mfano Short Text upande mmoja na Number upande wa pili, au Usajili tayari una namba ambayo haipo kwenye Wanafunzi, au jedwali bado liko wazi. Ingiza data kwa mpangilio: Wanafunzi, Kozi, halafu Usajili.

Kwenye swali weka majedwali yote matatu, hata kama hutaki kuonyesha safu yoyote ya Usajili. Lipo kwa ajili ya kuunganisha. Idadi ya mistari itashuka iwe sawa na idadi ya mistari ya Usajili. Hicho ndicho kipimo chako cha kila mara: kabla ya kuendesha swali, jua unatarajia mistari mingapi.

Masharti: yaliyo mstari mmoja wa Criteria lazima yatimie yote kwa pamoja, yaliyo mistari tofauti yanatosha mojawapo. Majina yanayoanza na A ni Like "A*".

Na usitafute Save baada ya kuingiza data. Access huhifadhi rekodi mara tu unapohama kwenda mstari mwingine. Ctrl+S ni ya muundo wa jedwali au swali. Kwa sababu hiyo kufuta rekodi hakurudishwi kwa Ctrl+Z, basi nakili faili zima la accdb kabla ya zoezi lolote la Delete Query, ukiwa umelifunga.